Nyeri au Nanyuki? Nilichagua mji wa kuhamia nikimkwepa mama mkwe

Wakuu, pokeeni salamu kutoka huku chini ya mlima.

Naandika na kidole kimoja, miwani imeteremka mpaka kwa pua, kwa hivyo msinikimbize. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Na mke wangu ameketi hapa kando akisoma kila neno, hata nikitaka kuongeza chumvi hakuna njia.

Nimeona watu wengi humu wakiuliza, "Nihamishe familia mji gani, huu ama ule?" Halafu mnajibizana: rent, maji, shule, internet. Mambo ya maana. Lakini sijaona mtu akiandika ile sababu ya kweli, ile iko chini ya godoro. Wacha mimi niandike yangu.

Kwanza mnijue.

Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza maisha nikibeba magunia ya mchele kule Mwea, jua likinipika mgongo. Baadaye fundi mmoja akanipa nyundo nimshikie misumari, na hiyo nyundo sijairudisha mpaka leo. Nikawa fundi wa sofa, nikafungua workshop yangu. Watu wakubwa wa Kirinyaga wamekalia kazi ya mikono yangu. Mtu akiketi kwa sofa yangu hainuki upesi. Sijisifu, nasema vile iko.

Sasa, Mwea ni pazuri kwa mchele na pazuri kwa mbu pia. Mama Muriithi, mke wangu, malaria ilimfanya rafiki. Anapona, inarudi. Anapona, inarudi. Mwaka mmoja alikonda mpaka leso ikawa inamzunguka mara mbili.

Daktari akaniambia, "Mzee, hapa dawa ni mbili. Ama mbu wahame, ama mama ahame."

Mbu wa Mwea hawahami. Hapo ni kwao.

Basi tukaanza kuongea maneno ya kuhamia kwa baridi. Nairobi sitaki kusikia. Nilienda huko nikiwa kijana kununua cherehani, nikarudi na cherehani lakini bila viatu. Hiyo tuiwache.

Ikabaki miji miwili, Nyeri na Nanyuki.

Mama Muriithi akasema Nyeri. Mimi nikasema Nanyuki. Muriithi, kijana wetu wa kwanza ambaye tunafanya naye kazi, akasema Nanyuki pia. Yeye alikuwa na sababu zake: huko kuna wazungu wa kununua sofa, na kuna mahali mtu anaweza kuketi na laptop na kikombe kimoja cha kahawa kutoka asubuhi mpaka jioni bila kufukuzwa.

Mimi nilikuwa na sababu zangu pia, na zilikuwa nzuri. Nyeri kuna ukungu na manyunyu. Kitambaa ya sofa ikikaa kwa unyevu inashika harufu ya soksi. Mbao haikauki. Nanyuki kuna jua na upepo, mbao inakauka ukiiangalia.

Mama Muriithi alikuwa na zake. Nanyuki vumbi, Nanyuki maji ya shida, Nanyuki mbao inakauka mpaka inapasuka. "Na kabichi ya huko si tamu," akaongeza.

Nikamuuliza, "Kabichi ya Nanyuki umekula lini wewe?"

"Niliambiwa."

Wakuu, tulibishana juu ya kabichi wiki nzima. Watu wazima, wako na wajukuu.

Sasa sikieni ukweli, kwa sababu niliahidi.

Nyeri ni kwao na Mama Muriithi. Nyumbani kwao ni upande wa Tetu, hapo nje ya mji tu. Na mama yake bado yuko hai.

Nyinyi vijana mnakumbatia mama mkwe na kupiga naye selfie. Sawa, dunia ni yenu. Sisi tulilelewa tofauti. Mama mkwe kwetu ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Ukimwona kwa njia unatoka kando, unapita kwa nyasi. Huli mbele yake. Hupayuki akiwa karibu. Hata jina lake hulitaji. Mimi nimekaa na mke wangu tangu tukiwa na meno yote, na mama yake nimemwona siku za sherehe tu, tena kwa mbali, kofia mkononi.

Sasa niambie, fundi wa sofa ataishije mji mdogo hivyo na mama mkwe? Kazi yangu ni mdomo. Mimi hubishana bei na mteja mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wanatoka kuangalia. Sasa siku moja nikiwa katikati ya kubishana, mama mkwe atokee kwa kona? Nitaingia wapi?

Na kuna kitu kibaya zaidi. Kwetu, mwanaume akihamia upande wa wakwe watu wanasema ameshindwa na maisha, amekuja kuombaomba mahali pa kukaa. Mtu kama huyo anaitwa muhoi. Anapewa shamba ya kulima kwa huruma, na hata watoto wa hapo wanajua si yake. Mimi niliyetoka chini ya gunia la mchele, niitwe muhoi nikiwa na mvi?

Hapana. Basi mdomo ukawa unasema kitambaa na unyevu, na roho inasema muhoi.

Kwa ajili ya haki nikakubali kwanza twende Nyeri tuangalie. Mama Muriithi akaenda kusalimia watu wake, mimi nikabaki mjini kutafuta mahali pa workshop.

Nilielekezwa kwa mtu anaitwa Abdalla, muuza mbao huko chini kwa mtaa wa Majengo. Babu zake walikuja Nyeri zamani, mmoja kutoka pwani, mwingine hata yeye hajui vizuri. Mwislamu safi, lakini Kikuyu anaongea kunishinda. Alikuwa na nafasi nyuma ya store yake, kubwa, sakafu ya simiti, mlango wa kuingiza lori. Moyo ukaipenda. Mdomo nikaufunga, maana ukipenda kitu mbele ya mwenye nacho bei inapanda.

Nikiwa nimesimama hapo mlangoni nikitafuta kasoro, nikainua macho.

Mama mkwe.

Anakuja na barabara, kitambaa kichwani, fimbo mkononi, msichana mdogo wa nyumbani kwake amemshika mkono. Wanatembea polepole wakitoka upande wa hospitali.

Sikufikiri. Niliingia ndani ya store nikasimama nyuma ya mbao za saipresi zilizosimamishwa kwa ukuta. Tumbo ndani, kofia kifuani.

Abdalla akaja akachungulia. "Mzee, kuna mtu anakudai?"

"Sidaiwi na mtu mimi."

"Polisi?"

"Wacha mchezo. Mama mkwe."

Yule mtu alicheka mpaka akashika mbao. "Mzee mzima! Unamkimbia mwanamke wa fimbo?"

"Wewe hujui mila."

"Mila naijua. Mama mkwe wangu akipita hapa, mimi nilikuwa nazima redio." Akachungulia nje. "Ameshapita. Toka, umejaa vumbi kama panya."

Nikatoka. Nikamwambia nafasi yake ni nzuri lakini iko na unyevu. Akaangalia ile sakafu kavu, akaniangalia mimi.

"Unyevu," akasema.

"Unyevu," nikasema.

Safari ya kurudi niliendesha pickup, Mama Muriithi kando yangu. Nikamuuliza nyumbani wako aje. Akasema wako. Nikamuuliza mama yuko aje. Akasema, "Amezeeka." Halafu akageukia dirisha.

Hapa lazima niwaambie kitu nilikuja kuelewa baadaye, kwa sababu bila hiyo mtafikiri ni mimi peke yangu nilikuwa na siri. Mwanamke wa kwetu akishaolewa, akirudi kukaa karibu na kwao, watu wanauliza, "Amefukuzwa?" Wanamhesabu kama mtu aliyerudishwa. Mama Muriithi alikuwa anataka kuwa karibu na mama yake siku zake za mwisho, anataka kuliko kitu kingine chochote, na hangeweza kuomba. Ndiyo maana alikuwa anapigana na kabichi.

Hata malaria, sasa naamini, nusu ilikuwa mbu na nusu ilikuwa hiyo.

Basi ikafika siku ya kwenda Nanyuki. Asubuhi naangalia nyuma ya pickup naona gunia la mchele wa pishori limefunikwa na turubai.

"Hii ya nini?"

"Huwezi jua," Mama Muriithi akasema. "Mtu hatembei mikono mitupu."

Nikafikiri ni ya kumpa mwenye nyumba ya Nanyuki atulegezee rent. Nikamsifu kimoyomoyo. Mke wa mfanyabiashara.

Muriithi alikuwa ametutangulia huko. Na wakuu, Nanyuki ni pazuri, sitaificha. Mlima ulikuwa umesimama wazi, na barafu yake, unafikiri ukinyoosha mkono utaipangusa. Barabara pana. Jua kali na upepo baridi pamoja, kama chai moto kwa kikombe cha bati wakati wa baridi. Muriithi alituonyesha nyumba, akatuonyesha mahali pa workshop, akatupeleka kwa ile kahawa yake. Kikombe kidogo kama cha kupimia dawa ya mtoto.

Nikamuuliza Mama Muriithi, "Unaonaje?"

"Wewe ndiye baba. Ukisema hapa, ni hapa."

Mwanaume yeyote aliyeoa muda mrefu anajua hayo maneno. Ni kama kusikia mti ukilia kabla haujaanguka.

Lakini nilikuwa nimeamua. Nikamwambia mwenye nyumba tutahamia, nitampigia simu kesho kuthibitisha. Nikashikana naye mkono. Tukaanza kurudi.

Tulipofika Kiganjo, pale barabara ya Nyeri inaachana na ya kuelekea Karatina, Mama Muriithi akasema nisimame anunue kabichi.

"Kabichi? Si tumetoka Nanyuki na kabichi ziko tele?"

"Nilikwambia si tamu."

Nikasimama. Na nje ya duka, juu ya kreti ya soda, nikamwona mtu amevaa koti ya Jumapili siku ambayo haikuwa Jumapili. Alikuwa Gathogo, kaka mkubwa wa mke wangu.

Akainuka. "Muthoni," akaniita. Yaani mkwe. "Tumekungoja."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Mama anakuita."

Mama mkwe haiti mkwe. Haijawahi. Anaweza kumtuma mtu, anaweza kulalamika, lakini kuita? Na mtu kama huyo akikuita, hakuna mwanaume anaweza kusema ana haraka.

"Siwezi kwenda," nikasema. "Sina kitu mkononi. Nitafikaje kwa wakwe mikono mitupu?"

Gathogo akaangalia nyuma ya pickup. Mama Muriithi naye akaangalia mlima.

Nikafunua turubai. Pishori.

Nikamuuliza mke wangu, polepole, "Huu mchele umetoka wapi?"

"Si umetoka Mwea," akasema, akaingia ndani ya gari. Kabichi hata hakununua.

Tukafika Tetu. Mimi niliketishwa nje, kwa kiti, karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Gathogo akasimama katikati, mlangoni, kwa sababu sisi hatuongei moja kwa moja. Yeye anasema kwa Gathogo, Gathogo ananiambia mimi. Kila mmoja anasikia kila kitu, lakini heshima ni heshima. Tulikuwa tunaongea Kikuyu, mimi nawapa kwa Kiswahili.

"Muulize kama amefika salama," sauti ikatoka ndani.

"Anauliza kama umefika salama," Gathogo akasema.

"Mwambie nimefika, na namshukuru."

"Muulize kama ni kweli anaogopa unyevu wa Nyeri."

Gathogo hakurudia swali. Kuku mmoja alipita akaniangalia vibaya.

"Mwambie," nikasema, "shida si unyevu. Mwambie mimi nina heshima. Sitaki kukutana na yeye kwa soko nikiwa natoa maneno ya soko. Na sitaki watu waseme nimekuja kwa wakwe kuomba mahali."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisema hiyo kitu kwa sauti. Mama Muriithi alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na sufuria, na sufuria ikabaki hewani.

Halafu kule ndani mama mkwe akacheka, kicheko kidogo kikavu.

"Mwambie macho yangu yamekwisha. Hospitali walinitazama wakasema hakuna kitu cha kufanya, ni uzee. Naona mwanga na giza, basi. Sasa muulize, mtu asiyeona anakutanaje na mkwe wake kwa soko?"

Gathogo akafungua mdomo kurudia. Nikamwinulia mkono angoje. Nilikuwa nafikiria yule msichana aliyemshika mkono kule Majengo, na mimi nyuma ya mbao na kofia kifuani.

"Mwambie apite tu," sauti ikaendelea. "Abishane bei vile anataka. Sitamwona. Na kuomba hajaomba, mimi ndiye nimemwita. Mtu akiitwa si muhoi. Mtu akiitwa anapewa kiti."

Nikaangalia chini. Kweli nilikuwa kwa kiti. Kibaya kabisa, mguu mmoja unacheza, lakini kiti.

"Lakini masikio bado yako," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie nataka kusikia msichana wangu akiongea kabla hayo pia hayajaenda. Simu inapiga kelele, siisikii vizuri. Nataka akae hapa karibu aongee. Hata akigombana na mume wake, nitasikia."

Gathogo akanigeukia. Uso wake haukuwa sawa. "Anasema..."

"Nimesikia," nikasema.

Nikavua kofia. Nikasema kwa sauti, si kwa Gathogo, moja kwa moja kwa lile pazia, na Mungu anisamehe na wazee wanisamehe: "Mama, nimesikia."

Jikoni sufuria ilianguka.

Kesho yake nikampigia mwenye nyumba wa Nanyuki nikamwomba radhi, kwa maana mkono nilikuwa nimempa. Nikampigia Abdalla.

"Na unyevu?" akauliza.

"Umekauka."

Alicheka tena, huyo mtu. Bado anacheka. Kila mara mwanamke mwenye fimbo akipita barabarani ananiita, "Mzee, ingia nyuma ya mbao!"

Sasa tuko Nyeri. Nyumba yetu iko mjini, kwa rent yangu, si kwa shamba ya mtu. Hiyo nataka iandikwe vizuri. Malaria haijarudi. Mama Muriithi huenda Tetu karibu kila siku, anarudi jioni sauti imekauka kwa kuongea. Kitambaa kweli inashika unyevu, hapo sikudanganya, kwa hivyo mbao na vitambaa naweka juu ya dari na nawasha jiko ya makaa mchana.

Muriithi alikataa kuja Nyeri. Alienda Nanyuki na familia yake, akafungua mahali pa kuonyesha sofa ninazotengeneza. Nilitaka watoto wote chini ya mkono wangu na hiyo sikupata. Wanakuja Jumapili. Wajukuu wananiuliza kwa nini huku kuna ukungu, nawaambia ni mlima unavuta sigara.

Kiti kipya nilimpelekea mama mkwe. Nilitengeneza mwenyewe, mdogo, sponji ngumu ili asizame, na mikono mirefu ashike akiinuka. Nilikiacha mlangoni nikatoka. Gathogo aliniambia alikipapasa kila mahali, miguu mpaka mgongo, akauliza, "Huyu mkwe wangu, kwa nini mlinificha miaka hii yote?"

Funzo langu, kwa kichwa changu cha darasa la tatu, ni hili. Ukiona mume na mke wanabishana miji miwili, usiwapatie bei ya rent wala hesabu ya maji. Waulize kila mmoja anamkimbia nani na anamkimbilia nani. Wakijibu hilo, mji utajichagua wenyewe. Na wakikwambia ni kabichi, ongeza swali.

Wenye wamehamia karibu na wakwe, ama wamekimbia mbali nao, semeni mlifanyaje. Wa Nanyuki pia karibuni mnitukane, nimezoea. Lakini kabichi msiguse. Huyu hapa kando bado anasema yenu si tamu, na mpaka leo hajaionja.